Mtani Aliyeomba Radhi

Mama Recheli, yule jirani wa Itetemia ambaye ua wake umepakana na ua wa Mzee Bernardo, anasimulia hivi. Anasema asubuhi ile alikuwa mlangoni pake anachambua mchicha, akamwona Mzee Sabiri, fundi makubazi wa mjini, anaingia uani kwa Bernardo bila hodi. Kanzu nyeupe, kofia, na kwapani ngozi ya mbuzi imeviringishwa. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi pale Bernardo alipokaa akishona, akalipiga teke lindo lake, kile chombo cha gome, teke dogo tu la ncha ya kiatu, akasema maneno matatu ya kwao pwani, akageuka. Alipofika barabarani, Bernardo akaanguka. Mdomo ukaenda kushoto, mkono ukaenda kushoto, mguu ukaenda kushoto, kama mtu anayevutwa kwa kamba.

"Nimeona kwa macho haya," Mama Recheli humalizia, na huyagusa kwa vidole viwili, msikilizaji asije akadhani ni macho mengine.

Advera aliisikia habari hiyo mara tatu kwa siku mbili. Aliisikia kisimani, akaisikia chini ya turubai walipokaa wageni waliokuja kumwona mgonjwa, akaisikia tena jikoni wakati wa kupakua. Kila mara ile ngozi ilikuwa imekua kidogo, na mara ya tatu ilikuwa ya ng'ombe. Hakubisha. Aliendelea kupanga sahani. Lakini alijua, kama walivyojua wengi waliokuwa wakitikisa vichwa pale, kwamba Mzee Sabiri hakuwa amekanyaga ua ule kwa miezi mitano, na kwamba laiti angekuwa anaukanyaga na kupiga mateke yake, huenda Mzee Bernardo asingekuwa amelala kitandani akiangalia ukuta. Alijua pia nani aliyemfungia Sabiri lango. Hakuwa Sabiri mwenyewe wala Bernardo. Alikuwa yeye Advera, kwa simu yake.

Advera alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alimaliza darasa la saba palepale Itetemia, akaenda mjini kushona sare za shule katika duka la Bi. Nisha, na huko alikaa miaka sita. Mkono wake ulijifunza kutokuwa na haraka. Jicho lake lilijifunza kutazama mikono ya watu wengine. Bi. Nisha aliponunua simu mpya alimpa ile ya zamani, na Advera akaanza kurekodi mikono: mama anayekunja chapati, fundi saa wa sokoni, mzee anayesuka ungo. Sura hakuzionyesha hata siku moja. Aliona watu wakijua wanaonekana usoni wanaanza kuigiza, lakini mikono haijui kuigiza. Akaziweka video hizo mtandaoni, watu wakazipenda, wakamwomba nyingine.

Basi akajitungia kazi. Ataifuata ile njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda hadi Ujiji, si kwa mkupuo bali kipande kwa kipande, kadiri anavyopata nauli. Kila kituo atamtafuta mtu mmoja anayetengeneza kitu kwa mikono, atakaa naye hadi yeye mwenyewe akitengeneze hicho kitu, hata kama kitatoka kimepinda, na atairekodi mikono ya mwalimu wake. Mwisho atavipanga vitu vyote chumbani, vibovu vyake mbele, na video zitacheza ukutani nyuma yake. Mzee Bernardo alipoanguka, rafu yake ilikuwa tayari na chungu cha Urambo kisichosimama wima, na ungo wa Usoke uliovuja mtama.

Lakini kituo cha kwanza kabisa kilikuwa cha nyumbani, nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa Mzee Bernardo mshona malindo.

Lindo ni chombo cha gome. Mti wa mtundu unavuliwa gome lake wakati wa mvua, lile gome likiwa bado laini, likakunjwa duara na kushonwa pale linapokutana, likatiwa kitako na kifuniko. Zamani watu walihifadhia humo nafaka na nguo, na walisafiria nalo. Siku hizi watu wana ndoo za plastiki, na Bernardo alibaki karibu peke yake. Alishona kwa kamba nyembamba inayotokana na gome la ndani la mti huohuo, na kamba hiyo ikikauka inakatika. Kwa hiyo huishika mdomoni. Anakuwa na kamba tatu nne zimening'inia kwenye midomo kama masharubu ya kambale, anazilainisha kwa mate, anavuta moja anashona, anavuta nyingine. Na muda wote huo hasemi. Ukimwuliza jambo wakati kamba zimo mdomoni, utasubiri hadi ziishe. Mkewe, Mama Levina, alishazoea kuuliza leo jibu la baadaye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu. Advera alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee, simu imesimamishwa juu ya kinu kilicholazwa, inatazama mikono. Lindo lilikuwa linafika mshono wa mwisho. Ndipo Mzee Sabiri alipoingia.

Sabiri ni Mzaramo, ingawa pwani yenyewe ameiona mara mbili maishani. Babu wa babu yake alipanda huku na msafara, akaoa, akabaki, na utani nao ukabaki. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi wapagazi wa huku waliposhuka na pembe hadi pwani, na kila mtoto wa Tabora anajua. Kwa miaka arobaini Sabiri alikuja kila Jumamosi kuchukua nta ya kupaka nyuzi zake za kushonea makubazi. Hakuwahi kuiomba hiyo nta. Aliingia jikoni kwa Mama Levina akajichukulia. Na Bernardo akienda mjini aliingia kibandani kwa Sabiri, akajaribu makubazi hadi akapata yanayomkaa, akatoka nayo.

"Mwangaluka, mpagazi," Sabiri alisema siku hiyo. "Bado hujafa?"

Bernardo aliguna kupitia kamba.

"Usiku nimeota umekufa. Nimeamka na furaha nimekunywa chai vikombe viwili. Sasa nakuja kuzika nakukuta unatafuna magome."

"Shemeji, kaa basi," Mama Levina alisema, akimsogezea kigoda.

"Sikai kwenye kigoda cha nyumba hii, kitaniambukiza. Wewe mama uliolewa bila kuuliza. Unajua babu yao hawa? Alitembea miezi mitatu na jino la tembo kichwani. Kufika pwani akapewa kaniki moja. Badala ya kuivaa akaiweka kichwani, akarudi nayo hivyohivyo, uchi, hadi Unyanyembe. Kichwa kilishazoea kubeba, kikawa kinaona aibu kurudi mikono mitupu."

Mama Levina alilazimika kuweka chini ungo aliokuwa anapepetea.

"Haya, wewe," Sabiri alimrudia Bernardo, "siku ukifa kweli sitaki jeneza. Nitakukunja nikutie kwenye hilo lindo lako, nifunike, nikuviringishe hadi makaburini. Na wajukuu zako nawateremsha Bagamoyo, nawabadilisha na ngozi. Wawili ngozi moja, maana ni wembamba."

Bernardo hakusema kitu. Kamba zilikuwa mdomoni. Alishona, akavuta, akashona, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko alichokuwa akikimeza. Sabiri alisimama akingoja, mikono nyuma, uso umekunjuka kama mtu anayengoja chakula anachokipenda. Zilipita dakika nne. Kisha kamba ya mwisho ikaisha, Bernardo akapangusa midomo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa sikiliza, mla embe. Siku babu yangu anarudi na kaniki yake, alisikia kitu kinalia nyuma njiani. Akadhani ni fisi. Kumbe ni babu yako, anafuata harufu ya ugali. Amemfuata toka pwani hadi hapa, hajabeba hata kibuyu. Kufika tukamwuliza, bwana wewe kazi yako nini? Akasema, kucheza ngoma. Tukamwonea huruma, tukampa kijisehemu pale Gongoni, ndipo leo unapotengenezea hivyo viatu vinavyolia kama bata. Na wajukuu wachukue. Anza na huyu wa mwisho, anakula kuliko mgeni."

Sabiri alicheka hadi akakaa kwenye kile kigoda alichokikataa.

Jioni Advera alikaa kukata video yake. Alizoea kuweka dakika moja na nusu, kwa sababu ndefu kuliko hiyo watu hawaitazami. Alichagua mikono ikipitisha kamba, na juu yake sauti ya Sabiri na kaniki yake, maana ilikuwa nzuri, ilikuwa ndiyo njia ya misafara yenyewe inasema. Ilipofika "ni wembamba", pakafuata ule ukimya. Aliutazama ule ukimya mara nyingi. Sauti imekoma, mikono inaendelea. Aliuona mzuri kuliko kitu chochote alichowahi kurekodi. Akakatia hapo. Jibu la Bernardo lilikuwa mbali mno, dakika nne mbele, na dakika moja na nusu ilikuwa imekwisha. Hakufikiri kwamba anakata jibu. Utani ameukuta duniani kama alivyoyakuta maji na chumvi, na hakujua kwamba kuna watu watakaousikia bila kuujua.

Kwa wiki moja video ile ilitazamwa na watu zaidi ya laki mbili. Hawakuziona sura. Hawakuyaona mabega yakitikisika. Waliona mikono ya mzee masikini inafanya kazi na sauti ya mtu aliyesimama juu yake inamwambia kwamba wajukuu zake watauzwa, na mzee hana la kusema. Waliandika chini yake: mzee wa watu ananyanyaswa kwake mwenyewe. Waliandika: hawa ndio waliouza mababu zetu. Advera alijibu, "Jamani hawa ni watani," akajibu tena, na tena, hadi kidole kikamuuma, lakini maneno yake yalizama kama mchanga unaotupwa mtoni. Akaweka na video nzima, yenye jibu. Hiyo ilitazamwa na watu arobaini na wawili.

Halafu mtu akaitambua sauti. Mtu mwingine akataja kibanda. Asubuhi moja Sabiri akakuta makubazi yake aliyoyaanika nje yametupwa mtaroni.

Octavian, mtoto wa kwanza wa Bernardo, ni mwalimu katika shule moja ya sekondari upande wa Isikizya. Alikuja nyumbani Ijumaa, hajabadili hata shati la kazini, akapita kwa Advera kabla ya kuingia kwa baba yake.

"Advera, leo nimefundisha vipindi vinne. Katika vyote vinne kuna mtoto ameniuliza, mwalimu, wewe na nani mnatosha ngozi moja."

"Kaka, samahani."

"Samahani yako sina pa kuiweka. Mzee Sabiri atasema mwenyewe. Aombe radhi, umrekodi, uiweke pale ulipoweka ile. Wewe umeanzisha, wewe utamaliza."

Advera aliangalia chini. "Kaka Octavian, mtani haombi radhi."

"Unanifundisha mimi? Nimezaliwa ndani ya ua ule. Lakini wanafunzi wangu hawajui hilo. Mkuu wangu wa shule hajui. Wakwe zangu Bukoba hawajui, na wamepiga simu."

Advera alilisema neno hilo la mtani mara moja tu, kwa sauti ndogo, na hakulirudia. Hilo ndilo linalomrudia hadi leo anapokuwa anatwanga au anapokuwa kwenye treni. Angelisema mara ya pili. Angeweza hata kusema simu imeharibika. Lakini Octavian alikuwa msomi, mwenye shahada, na yeye alikuwa wa darasa la saba, na alikuwa ndiye mwenye kosa. Aliona ni wajibu wake kutii.

Wakaenda wote wawili. Sabiri hakukataa. Pengine aliogopa, pengine alichoka kuokota viatu mtaroni. Alivaa kanzu safi, akakaa kwenye benchi la wateja, akauliza aangalie wapi. Ilikuwa mara ya kwanza Advera kurekodi uso.

"Mimi Sabiri, fundi wa viatu, ninaomba radhi kwa Mzee Bernardo na ukoo wake kwa maneno niliyoyasema. Sitarudia."

Aliyasema haraka, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kisha akauliza, "Imetosha?"

"Imetosha, baba."

"Nirudie? Sauti imesikika?"

"Imesikika, baba. Usirudie."

Video hiyo ilitazamwa kuliko zote. Watu waliandika maneno mazuri, wakamsifu mzee kwa ustaarabu. Lakini Tabora yenyewe ilinyamaza. Hapa kila mtu anajua kwamba mtu akimwomba mtani wake radhi, amekiri kwamba alitukana kweli. Na kama alitukana kweli siku ile, basi alitukana kweli na Jumamosi zote zilizotangulia.

Mama Levina ndiye aliyemwonyesha mumewe. Bernardo aliangalia, akasema rudisha, akaangalia tena. Kisha akamrudishia mkewe simu.

"Kumbe alikuwa ananitukana," alisema.

Hakuna aliyejua kama alikuwa anatania. Mama Levina alimtazama usoni kwa muda mrefu, na baadaye alimwambia Advera kwamba kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuweza kumsoma.

Jumamosi iliyofuata Sabiri alikuja. Advera alikuwapo, na afadhali asingekuwapo. Sabiri alisimama nje ya ua akapiga hodi. Miaka arobaini, hakuwahi kupiga hodi. Alikaribishwa, akaingia hatua mbili tu.

"Hamjambo hapa? Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri," Bernardo alisema. Hakuwa na kamba mdomoni. Alikuwa amezitoa aliposikia sauti.

"Nilikuwa naomba nta kidogo, kama ipo."

"Ipo."

Mama Levina akaenda kuileta. Wazee wale wawili walisimama wakitazamana miguu. Bernardo alikuwa amevaa makubazi ya Sabiri. Nta ikaja, Sabiri akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsanteni sana, akaaga. Bernardo alibaki amesimama pale hadi Mama Levina akamwambia, Baba Octavian, jua kali. Alishona lindo lingine na lingine, lakini polepole, na Jumamosi alikuwa hashoni kabisa, anakaa tu anatazama lango.

Sabiri hakurudi tena. Na Advera, ambaye angeweza kufanya kitu, alipanda treni akaendelea na safari yake. Alijiambia muda utalainisha mambo. Alikwenda Usoke, akaenda Urambo, akarekodi mikono, na kila alipokaa kukata alijikuta akisikiliza mpaka mwisho wa ukimya kabla ya kugusa chochote. Alikuwa amejifunza, ndiyo, lakini kujifunza kwake hakukumsaidia mtu yeyote aliyemkosea.

Simu ya Mama Levina ilimkuta Kaliua, kwa mama mmoja anayesuka vikapu. Mzee ameanguka. Advera alisema anakuja. Lakini yule mama alikuwa amefika kwenye ukingo wa kikapu, pale mwisho ambapo miaa inageuzwa na kufichwa, na alikuwa amesema ukingo huo haonyeshi mara mbili. Advera aliwaza, nusu saa tu. Akarekodi. Alipotoka basi lilikuwa limeondoka, akalala Kaliua.

Alipofika Itetemia siku ya pili, Bernardo alikuwa kitandani chumba cha mbele. Hospitali ilimruhusu, wakasema atunzwe nyumbani. Upande wa kushoto wote ulikuwa umelala. Maneno yalitoka yamekunjana, na Mama Levina ndiye aliyeyakunjua. Padre alikuwa amekuja kumpaka mafuta. Wanawake wa jumuiya walikuwa wakija asubuhi na jioni kusali, wakizungumza naye taratibu, wakimshika mkono, wakimwambia pole babu, Mungu yupo.

Siku ya tatu, wanawake wakiwa wametoka, Bernardo alisema kitu. Octavian alikuwa amekaa miguuni kwa baba yake, Advera mlangoni na bakuli la uji.

"Anasemaje?" Octavian aliuliza.

Mama Levina aliinama. Mzee akarudia.

"Anasema watu wote wanamwongelesha kama ameshakufa." Akainama tena. "Anasema aitwe yule Mzaramo. Anasema aje amtukane."

Octavian aliangalia mikono yake mwenyewe. "Mama, mimi nitakwenda kumwambia nini yule mzee? Mimi ndiye niliye..." Hakumalizia. Akamgeukia Advera, na macho yake hayakuwa na ile hasira ya Ijumaa ile. Yalikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe kubeba.

"Nitakwenda mimi," Advera alisema.

Alifika Gongoni kabla ya saa sita. Kibanda kilikuwa kilekile, harufu ya ngozi ileile. Sabiri alikuwa amekonda kidogo. Alimwona Advera, akaendelea kutoboa soli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Simu iko wapi?"

"Iko kwenye mkoba."

"Itoe. Iweke hapa juu ya benchi niione."

"Nimeizima, baba."

"Mimi sijui kuzimwa. Naambiwa inasikia hata imezimwa."

Advera akaitoa, akaiweka juu ya benchi. Sabiri alichukua kipande cha ngozi akaifunika.

"Habari za Bernardo ninazo," alisema. "Naambiwa mimi ndiye niliyemwangusha. Nilikwenda na ngozi ya ng'ombe."

"Ilianza ya mbuzi."

Kona ya mdomo wa Sabiri ilisogea, ikarudi. Advera alikaa chini, si kwenye benchi, akamweleza yote: upande uliolala, wanawake wa jumuiya, na alichosema mzee. Alikisema kama kilivyosemwa. Sabiri alisikiliza hadi mwisho, msumari wa kutobolea umesimama mkononi.

"Aje anitukane," alirudia.

"Ndivyo alivyosema."

"Binti, mimi ni mtu mzima. Nilikaa kwenye benchi hilo, wewe ukasimama hapo ulipokaa sasa, nikasema sitarudia. Umenirekodi. Dunia nzima imenisikia. Sasa nikienda leo nikamwambia anavyostahili, mimi ni mtu gani? Nimeomba radhi halafu nimerudia kosa, tena kwa mgonjwa. Na mwanawe yule mwalimu amekaa pembeni ya kitanda."

"Octavian ndiye aliyekubali nije."

"Na nisipomtukana? Nikae kando ya kitanda niseme pole mzee, Mungu yupo, kama mtu baki? Hilo ndilo litakalomuua." Akaitazama ncha ya msumari. "Siku ile nilikwenda kuomba nta. Uliniona."

"Nilikuona, baba."

"Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa na maneno, mazuri, ya miguu yake. Kufika langoni nikakumbuka nimeapa. Mkono ukapiga hodi wenyewe."

Advera alihisi machozi yanakuja, akayazuia, maana hakuja kulia mbele ya mtu aliyemkosea.

"Kosa ni langu, baba. Nilikata jibu lake. Halafu nikaja hapa na simu wakati nilijua haifai. Nilijua, na nilinyamaza. Siwezi kulirudisha. Ningeweza ningeifuta ile video kwa watu wote walioiona, mmoja mmoja, kwa miguu. Lakini yeye hajui mambo ya mtandao. Yeye anangoja. Kila mlango ukilia anageuza jicho lile moja lililo zima." Akapiga magoti kabisa, magoti juu ya vipande vya ngozi. "Nakuomba, baba. Twende. Pikipiki ipo hapo nje. Hata neno moja tu, lolote, la kaniki, la ugali. Halafu ukitaka usinisamehe mimi."

Sabiri alimtazama. Kisha aliangalia nje, barabarani, ambako mwenye pikipiki alikuwa amejiegemeza akitafuna muwa.

Akaingia mwanamke na mtoto wake wa kike, akasalimu, akasema anataka makubazi ya mtoto ya kuvaa kwenye harusi. Sabiri akaweka msumari chini. Akamwambia mtoto apande kwenye benchi. Akauweka mguu wake juu ya kipande cha karatasi, akachukua penseli sikioni, na akaanza kuuzungushia mstari, taratibu, kisigino, ukingo, vidole, kimoja kimoja. Mtoto alicheka kwa kutekenywa. Advera alikuwa bado amepiga magoti.

"Baba," alisema.

Sabiri aligeuza karatasi, akaomba mguu wa pili.